Mto Manso Wahamia kwa Doña Crisanta

Jumatatu moja ya mwezi Machi, Doña Crisanta Olmedo aliamka alfajiri kama kawaida, akawasha mashine yake ya kusagia mahindi iliyokuwa chumba cha mbele, na alipoinama kukaza mkanda akahisi ndala zake zimelowa. Alidhani ndoo imevuja. Alipogeuka aliona maji yakipita ukumbini, membamba kama mtandio, yakitokea mlango wa nyuma, yakikatiza jikoni, yakiingia chumbani mwake chini ya kitanda na kutokea upande wa pili, kisha yakijikunja katika ua wa ndani chini ya mlimau. Mlikuwa na vijiwe vya mviringo na samaki wadogo weupe. Alivitambua vile vijiwe. Utotoni alikuwa akivitia mfukoni. Ulikuwa Mto Manso.

Alilinyanyua gunia la mahindi akaliweka juu ya benchi, akasogeza matofali chini ya miguu ya kitanda, akarudi kwenye mashine. Wanawake walikwishapanga foleni barabarani na ndoo zao za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kila mmoja akitaka unga wake mbichi wa tortilla, chapati za mahindi za asubuhi.

"Umemwaga maji, Doña Crisanta?" aliuliza Petra, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Sijamwaga kitu. Mto umehamia kwangu."

Petra aliinua sketi akachungulia ndani. "Ni wenyewe. Lo, umekonda, maskini." Akatua ndoo yake. "Afadhali umekuja kwako. Kwangu ungemkuta mume wangu kalala sakafuni, ungedhani ni gogo, ungempitia juu."

Foleni ikacheka, mashine ikaendelea kusaga.

Hakuna aliyeulaumu mto kwa kuhama. Zamani ulipita chini ya daraja la mawe katikati ya Santa Brígida, na wanawake walifulia pale huku wakisengenyana. Lakini tangu mlima wote wa juu ulipopandwa maparachichi ya kupelekwa Marekani, na kampuni yenye mashamba ilipochimba mabwawa makubwa na kuyatandika plastiki nyeusi, mto ulipungua mwaka hadi mwaka, mpaka chini ya daraja pakabaki vumbi na magurudumu ya gari yaliyotupwa. Mahali kama pale hata mtu angehama.

Kitu kimoja tu Doña Crisanta alikiona cha pekee. Mto ulitembea kwa kupapasa. Uligonga miguu ya meza, ukarudi nyuma, ukaizunguka. Uligusa kizingiti kwanza ndipo ukavuka. Ulikuwa kama mgeni aliyeingia nyumba asiyoijua, taa zimezimika.

Alasiri, jua lilipokuwa kali, sauti ya mto iliijaza nyumba taratibu. Aliyekaa na miguu majini kwa muda alisinzia, na aliyesinzia aliota ukungu wa mlimani, majani makubwa yanayodondosha maji, na kimya cha zamani kabla pampu hazijaletwa. Wanawake wakaanza kuja na vigoda vyao baada ya chakula cha mchana. Walilala wamekaa, videvu vifuani, samaki wakipita katikati ya vidole vyao.

Afisa wa manispaa naye alikuja, na utepe wa kupimia. Alimweleza Doña Crisanta kwamba kisheria mto na kingo zake zote mbili ni mali ya taifa, kwa hiyo jiko lake sasa ni ukingo, na haruhusiwi kujenga chochote hapo bila kibali.

"Kupika je?"

Afisa alifikiri. "Sheria haijataja kupika," alisema, akaondoka.

Mwanawe Evodio alikuja Jumapili na mkewe Nieves, ambaye ujauzito wake ulikuwa umeanza kuonekana. Evodio ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kaka zake wawili walivuka mpaka kwenda kaskazini zamani, na sasa walikuwa sauti za simu tu. Alikuwa mlinzi wa bwawa la juu kule kwenye maparachichi. Alipoketi mezani, mto uliokuwa umelala chini ya mlimau ukaamka, ukaja moja kwa moja bila kugonga kitu, ukajizungushia kwenye buti zake.

"Umekupenda," mama yake alisema.

"Umenilowesha," Evodio alisema, akahamisha miguu. Mto ukaifuata. Akaihamisha tena. Mwisho aliacha, akala supu yake maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, wala hakuinua macho mpaka bakuli likaisha.

Mwaka ule ulikuwa wa kuchagua gavana wa jimbo. Kwa miaka yote Doña Crisanta alikuwa amempigia kura mtu aliyetajwa na mumewe Nicanor, na Nicanor alipofariki akawa anampigia yule ambaye Nicanor angemtaja. Mara hii aliona haifai. Kulikuwa na mgeni nyumbani mwake mwenye shida, na mwenye nyumba ndiye wa kumsemea mgeni. Aliamua atamsikiliza kila mgombea kwa masikio yake, ajue anasimama wapi, kisha apime. Wala hakuhitaji kwenda mbali. Aliyetaka kuzungumzia maji Santa Brígida ilimbidi aende maji yalipo.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Fermín Arriola, wa chama kilichokuwa madarakani. Alitanguliwa na lori la matangi meusi ya maji, tangi moja kwa kila nyumba, na kila tangi lilikuwa na picha ya tabasamu lake. Aliketi jikoni kwa Doña Crisanta, mto ukiwa umefika kwenye soksi zake, akasema kwamba maji ni uhai, kwamba wadau wote wataketi meza moja, wakulima wakubwa na wadogo, na kwamba ipo kamati. Hakutazama chini hata mara moja. Samaki mmoja aliingia kwenye mguu wa suruali yake akatoka, naye akaendelea kuizungumzia kamati.

"Bwana Arriola," Doña Crisanta alisema, "huu mto utaurudishaje kwake?"

"Mto upi, mama?" aliuliza kwa heshima.

Alipoondoka viatu vyake vililia njia nzima hadi garini. Tangi lilipandishwa juu ya paa, na kwa kuwa halikuwa na kitu ndani, upepo ulipovuma liliimba.

"Yule hana msimamo," Petra alisema asubuhi iliyofuata kwenye foleni.

"Anao," Doña Crisanta alisema. "Msimamo wake ni kutotazama chini."

Wa pili alikuwa Don Baltasar Quiroz, mwenyewe ana maparachichi huko upande wa pili wa jimbo. Alikuja na bendi ya tarumbeta. Aliusalimia mto kwa kuvua kofia, akamshika Petra mkono akacheza naye uani majini, akiruka na kurusha maji mpaka kuta zikalowa, na Petra akacheka kama msichana. Kisha akaketi akala sahani mbili.

"Huu mto una akili," alisema. "Umechagua nyumba yenye mpishi."

Yeye hakuzungukazunguka. Mabwawa yasiyo na kibali atayapa kibali. Barabara za malori atazitengeneza. Vijana watapata kazi hapahapa, hakuna kwenda kufia jangwani. Na huu mto, Doña Crisanta awekewe kibao mlangoni, wageni kutoka mjini waje watie miguu, walipe kiingilio.

"Ni mto, Don Baltasar. Si tumbili wa maonyesho."

Don Baltasar alicheka kwa moyo mmoja, bila kuudhika. "Doña, mto haujawahi kumwajiri mtu. Mimi naajiri."

Evodio alikuwa amesimama mlangoni na kofia yenye jina la Quiroz, akapiga makofi. Maneno hayo yalimkaa Doña Crisanta kichwani kwa siku nyingi, kwa sababu yalikuwa kweli. Aliyapima akisaga, akayapima akipika. Kila alipoyaweka pembeni, alikumbuka simu za wanawe wawili, jinsi zilivyokatika katikati ya sentensi.

Wa tatu alikuja siku ya joto, na dereva tu. Aliitwa Leocadia Murguía, mhandisi wa maji, mwanamke mrefu mwenye vumbi kwenye nyusi. Alivua viatu mlangoni, akakunja suruali, akaingia mtoni akasimama. Aliutazama ukigonga mguu wa meza na kurudi nyuma.

"Mto huu hauoni," alisema.

"Tangu lini mito ikaona?"

"Mto unaona kwa jicho lake, Doña Crisanta. Jicho la maji, kule unakochipukia. Hili limezibwa. Wapi hasa, na nani kaziba, sijui. Mlima ule umezungushiwa uzio, na sisi hawatufungulii."

Doña Crisanta akampakulia maharagwe. "Utaurudishaje kwake?"

"Nitayafunga mabwawa yasiyo na kibali. Yote, mwaka wa kwanza. Macho yote yaliyozibwa yatafunguliwa." Alikula kidogo. "Lakini sitakudanganya. Shamba lile litapunguza watu."

"Mwanangu analinda bwawa la juu."

"Basi atakuwa wa kwanza kupunguzwa."

"Kwa hiyo unaniomba kura na kazi ya mwanangu kwa pumzi moja."

"Ndiyo, mama," mhandisi alisema. "Samahani, naweza kuongezewa pilipili?"

Doña Crisanta alimwongezea. Alimpenda mwanamke yule, na alitamani asingempenda.

Jumapili ile Evodio alijua nani alikuja. Mji mzima ulijua. Alisukuma sahani.

"Mama, ukimpigia kura yule mhandisi, mwanangu atazaliwa mimi nikiwa njiani kwenda kaskazini."

"Nani kakwambia ninampigia?"

"Hujaniambia humpigii."

Nieves alikuwa akijipapasa tumbo. Chini ya meza mto ulikuwa umeng'ang'ania buti za Evodio, na sasa ulikuwa umefika magotini.

Buti hizo hazikukauka tena. Aliondoka nazo zimelowa Jumapili, zikawa mbichi wiki nzima, na alikokanyaga pakabaki unyevu. Kufikia Mei kila kitu Santa Brígida kilikuwa kimeungua kwa jua, isipokuwa mstari mmoja wa majani mabichi, alama za nyayo, kushoto na kulia, kila moja na umbo la buti, zikitoka mlangoni kwa Doña Crisanta, zikipita uwanjani mbele ya kanisa, zikipanda mlimani. Mbuzi waliufuata mstari wakila. Watu walijua ni nyayo za nani, wakawa wanazikwepa kwa adabu, kama unavyokwepa kitambaa cha mtu kilichoanikwa.

Jumatano moja Doña Crisanta alifunga mashine mapema, akajitanda mtandio, akazifuata.

Langoni kwenye maparachichi walikaa watu wenye bunduki. Walimjua kuwa mama yake Evodio, wakamwachia apite, na mmoja akampa kofia ya majani kwa ajili ya jua. Miti ilikuwa minene, imenyamaza, hakuna ndege. Nyayo zilipita kibanda cha mlinzi bila kusimama. Zilipita bwawa, kubwa, lenye midomo myeusi ya plastiki, na mbingu nzima imelala ndani yake. Ziliishia kwenye mkunjo wa mwamba alipokuwa akiletwa utotoni kila sikukuu ya Msalaba, kupamba jicho la maji kwa maua ya karatasi na kunywa kwa viganja.

Pale palikuwa na mfuniko wa saruji wa mviringo, na bomba moja linaloelekea bwawani. Ulikuwa umesakafiwa vizuri. Aliyeusakafia alimalizia kwa ufagio, mistari ikifunguka kama upepeo wa mkononi, na Doña Crisanta aliijua mistari ile, kwa sababu sakafu ya ua wake ilikuwa na mistari hiyohiyo. Ni Nicanor aliyeichora, na ni Nicanor aliyemfundisha mtoto.

Pembeni ya mfuniko majani yalikuwa mazito kuliko kwingine kote, nyayo juu ya nyayo. Mtu alikuwa amekuja kusimama hapo mara nyingi.

Evodio alitoka kibandani, mkate mkononi. "Mama! Umepandaje na jua hili?"

"Nani kaziba?"

Evodio alitazama mkate wake. "Walisema panavuja pembeni, nizibe pembeni. Nikaziba pembeni. Halafu wakasema ziba pote."

"Ukaziba pote."

"Niliagizwa."

"Ulijua ni jicho."

"Nani asiyejua ni jicho, Mama?"

Doña Crisanta aliketi juu ya saruji. Ilikuwa ya moto. Alikumbuka Evodio alipokuwa mdogo, jinsi watu walivyokuja mlangoni kwake. Mwenye bata mzinga aliyepigwa jiwe. Padri na taa iliyovunjika. Petra na kioo cha dirisha. Hawakwenda polisi, hawakumtafuta Nicanor. Walikuja jikoni, wakasimama, wakangoja aulize kulikoni. Ndipo akaelewa kwamba mto haukupotea njia. Ulikuja kushtaki kwa mama. Ulikuwa umesimama jikoni kwake tangu Machi, na hakuwa ameuliza.

"Nyundo unayo?" alisema.

"Ninayo."

"Basi?"

Evodio aligeuza shingo kidogo kuelekea langoni. "Nikiugonga huu, Mama, hawataishia kunifukuza."

Doña Crisanta aliwatazama wale watu wa bunduki kwa mbali. Mmoja alimpungia mkono. Aliinuka, akamfuta mwanawe makombo ya mkate kwenye shati, akashuka.

Alipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda chini ya mlimau, akatia miguu majini.

"Nimesikia," aliuambia mto. "Aliyekuziba ni wangu."

Mto ukatulia kabisa, kama maji ya kwenye bakuli.

Siku ya kura, Jumapili ya Juni yenye mawingu yasiyonyesha, alivaa gauni lake la kanisani akapanga foleni shule ya msingi. Walimkagua kitambulisho, wakampa karatasi na kalamu ya nta, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa mle muda mrefu mpaka mtu akakohoa nje. Alimfikiria Bwana Arriola na kamati yake, akampita haraka. Kwa Don Baltasar alisimama. Alimwona Evodio akirudi jioni na mshahara, akamwona mtoto ambaye bado hajazaliwa akijifunza kutembea, baba yake yupo. Alimfikiria mwanamke mwenye vumbi kwenye nyusi, aliyemwambia usoni kile ambacho hakuna mama anayetaka kuambiwa. Kisha akaufikiria mto ukipapasa ukuta. Aliweka alama kwa Murguía, akakunja karatasi, akatumbukiza, akapakwa wino kwenye kidole gumba.

Evodio alikuwa akimngoja kwenye ngazi za shule.

"Mama?"

"Kura ni siri."

"Uso wako si siri," Evodio alisema. Lakini alimpokea mkoba, akamsindikiza hadi nyumbani, wakipita pembeni ya nyayo zake mwenyewe.

Murguía alishinda. Santa Brígida yenyewe ilimchagua Quiroz kwa wingi, ila miji mingine mingi ya jimbo ilikuwa na kiu. Petra alipigiwa simu na dada yake wa mjini, akaja mbio kumpa Doña Crisanta habari, akamkuta anapembua maharagwe.

"Kashinda mhandisi wako!"

"Nani kasema wangu?"

"Shoga, acha hizo. Mji mzima umekusoma usoni."

Gavana mpya hakurudi nyuma. Hajamaliza mwezi tangu aapishwe, watu wake walipanda mlimani na mihuri, wakayafunga mabwawa. Evodio akakaa nyumbani siku kadhaa, akimchongea mtoto kitanda. Kampuni ikaenda mahakamani. Ilisema mabwawa yake ni ya maji ya mvua na hayajauchukulia mto wowote chochote. Jaji akatuma wakaguzi waende kutafuta Mto Manso unaanzia wapi.

Wakaguzi walikuwa vijana wawili wapole wenye mwavuli. Walipanda kwa kuufuata mstari wa nyayo za majani, na mmoja akasifu ulaini wake. Walifika kwenye mkunjo wa mwamba, wakaona mfuniko, wakaandika kuwa pana sakafu ya saruji iliyo katika hali nzuri. Walimuuliza Evodio, aliyekuwa ameitwa kuwapokea, kama anajua chochote kuhusu sakafu hiyo. Alisema ameikuta. Kisha wakashuka hadi nyumbani kwa Doña Crisanta, wakavua viatu, wakaufuata mto chumba kwa chumba.

"Mama," mmoja aliuliza, "wewe unaishi nao. Unajua unatokea wapi?"

Doña Crisanta alikuwa amesimama kwenye jiko, mwiko mkononi. Mto ulikuja ukasimama miguuni pake. Alifikiria watu wa langoni, na yule aliyempungia mkono. Nieves alikuwa amelala chumbani, siku zake zimekaribia, na kupitia mlango aliweza kuona mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Unatokea mlango wa nyuma," alisema.

Hakusema uongo. Vijana waliandika, wakamshukuru, wakanywa uji.

Hukumu ilitoka kabla ya mwisho wa mvua. Jaji alieleza kwamba imethibitika Mto Manso unaanzia nyumbani kwa Crisanta Olmedo, mlango wa nyuma, na unaishia humohumo chini ya mlimau. Kwamba nyumba hiyo iko bondeni, na maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mabwawa ya juu hayana hatia. Mihuri ikabanduliwa, pampu zikawashwa, Evodio akarudishwa kazini na kupewa bunduki na kofia mpya. Ramani ya jimbo ikachapishwa upya. Mto Manso ulichorwa kama nukta ya buluu, na watoto wa shule walifundishwa kuwa ndio mto mfupi kuliko yote.

Nieves alijifungua msichana, wakamwita Zenaida.

Machi iliyofuata, Jumapili, gavana alikuja. Magari yalikuwa mengi, lakini walinzi aliwaacha barabarani, akaingia peke yake, akavua viatu mlangoni. Alikuwa amepungua. Aliketi kwenye kiti kilekile cha jikoni, akaingiza miguu majini.

"Nimekata rufaa, Doña Crisanta."

"Itachukua muda gani?"

"Huenda nikaondoka madarakani kabla haijasikilizwa. Wanataka shahidi. Mtu aseme, hapa palikuwa na jicho, na fulani ndiye aliyeliziba. Nimemtafuta mtu huyo mlima mzima. Kila mtu ananiambia hajui, na kila mtu ananitazama kwa huruma."

"Kula kwanza," Doña Crisanta alisema.

Gavana alikula nusu sahani. Hakuwa amelala vizuri tangu aapishwe, na maji yalikuwa ya baridi, na sauti ya mto ilikuwa ileile ya siku zote, ndogo, isiyo na haraka. Kijiko kilimponyoka taratibu. Kidevu kikashuka kifuani. Kwa jinsi nyusi zake zilivyolainika, ilionekana tayari yuko kwenye ukungu, kati ya yale majani makubwa.

Evodio aliingia akiwa na Zenaida begani, Nieves nyuma yake. Alimwona gavana, akasimama. Alivua kofia yake mpya, akaitundika, akaja kwa ncha za vidole akaketi upande wa pili wa meza. Mto uliamka chini ya mlimau. Ulipofika katikati ya jiko ulisita, kisha ukagawanyika mara mbili. Mkono mmoja ukaenda kwenye miguu mitupu ya gavana, mwingine ukaenda kwenye buti za Evodio. Zenaida akainama begani kwa baba yake, akinyoosha vidole kuwaelekea samaki.

Doña Crisanta alisimama kati yao na sufuria.

"Huyo hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimwamshe?"

Evodio alimtazama gavana kwa muda mrefu. Akamtazama mtoto. Nje, kupitia chumba cha mashine na mlango ulio wazi, ilionekana barabara, walinzi wa gavana wakivuta sigara kivulini, na mbele yao kidogo, akiwa ameegemea ukuta wa Petra, mmoja wa watu wa langoni, aliyekuwa ameshuka mjini kununua mkate.

"Mwache alale, Mama," Evodio alisema. "Amechoka."

Doña Crisanta naye alikuwa na mdomo, angeweza kusema mwenyewe. Alisimama bado kidogo, mvuke wa sufuria ukimpanda usoni. Kisha akaanza kupakua, polepole, ili kijiko kisigonge sahani.

"Pilipili?" alinong'ona.

"Kidogo tu," Evodio alinong'ona.

Wakala.